Mwaka Joka Liliposema Kiswahili

Habari za kifo cha Bi Zuhura zilinikuta jikoni kwangu, nasubiri maziwa yachemke. Aliyepiga simu alikuwa Rehema, mjukuu wake, na sauti yake sikuitambua mpaka alipojitambulisha kwa jina la baba yake: Rehema wa Idrisa. Nilizima jiko, nikakaa. Kesho yake nilipofika Same bibi alikuwa ameshazikwa, na wanawake walikuwa wamejaa uani kwenye mikeka, wanakunywa chai ya rangi na kuzungumza chinichini. Nilipata nafasi ukutani, palipokuwa na pipa la maji zamani. Ng'ambo ya ua, lile banda la video lilikuwa bado limesimama, mabati ni yaleyale, ila sasa ni stoo ya saruji ya mtu mwingine. Nililitazama kwa muda mrefu. Wenzangu pale mkekani walidhani namlilia marehemu. Nilikuwa namlilia kweli, lakini machozi mengine yalikuwa ya mwanawe Idrisa, ambaye siku alipozikwa sikuweza kulia.

Nyumba ile nilikaa kama mwaka mmoja na nusu tu, kuanzia nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeteremka kutoka Mhezi kuja kurudia mtihani wa kidato cha nne, kwa kuwa mjini kulikuwa na masomo ya jioni ambayo kwetu mlimani hayakuwepo. Bi Zuhura alinipa chumba kwa makubaliano kwamba nitamsaidia vitumbua vyake vya asubuhi. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la nondo lisilo na kioo, na ukuta mmoja ambao haukuwahi kupigwa lipu. Upande wa pili wa ukuta huo ndiko lilikokuwa banda. Kwa hiyo kabla sijaona filamu hata moja pale, nilikuwa nimeshazisikia zote. Nilijilaza na kitabu cha Jiografia kifuani, nikasikiliza bunduki, farasi, ndege za kivita, na juu ya vyote hivyo sauti ya mwanamume mmoja akisema kwa niaba ya kila mtu: askari, mwizi, mama mjane, mfalme, mtoto mchanga. Hadi leo nikisikia jina la mto fulani wa Ulaya nasikia na mtu anafukuzwa juu ya mapaa.

Mwanamume huyo ndiye Idrisa. Siku hizi watu wanaangalia filamu kwenye simu zao, kila mmoja na kijiwaya chake sikioni, na vijana ninaowafundisha hawaelewi nikiwaambia kwamba kulikuwa na kazi ya kukaa pembeni ya televisheni na maiki mkononi, ukapunguza sauti ya filamu, ukawaeleza watu kwa Kiswahili kinachoendelea. Idrisa alikuwa na zaidi kidogo ya miaka thelathini, mwembamba, mpole kupita kiasi akiwa nje ya banda. Mezani alikuwa hasemi. Mama yake aliweka makande, yeye akala, akashukuru, akanawa. Mkewe alikuwa amerudi kwao Tanga na kuolewa huko, akamwachia Rehema, aliyekuwa na miaka saba mwaka ule. Bi Zuhura aliwahi kuniambia, tukiwa tunakoroga unga wa mchele, kwamba mwanawe huwa anatunza maneno yake yote kwa ajili ya watu waliomo kwenye vioo. Alisema bila kulalamika. Alisema vile mtu anavyoeleza hali ya hewa.

Filamu ya joka iliingia mwanzoni mwa kiangazi, wakati upepo wa Same unapoanza kubeba vumbi na kulisukuma chini ya milango. Ilikuwa katuni. Msichana wa kijiji cha milimani, cha wachunga kondoo, anakuta joka limeanguka korongoni, rangi yake ya kutu, bawa limechanika. Watu wa kwao wamekuwa wakiyaua majoka tangu enzi na baba yake ndiye hodari wao. Msichana anaanza kulipelekea chakula kwa siri. Basi. Siku ya kwanza mafundi wa gereji na madereva wa bodaboda waliojaa kwenye mabenchi walipoona ni michoro walianza kupiga miluzi na kusema wamegeuzwa watoto wa chekechea. Wengine walishasimama. Mimi nilikuwa mlangoni nimembeba Rehema ili aone. Katika filamu yenyewe joka lile halikuwa na neno hata moja, lilikuwa linanguruma tu. Msichana alilitupia mkate, joka likaunusa, likamtazama. Idrisa akasogeza maiki mdomoni, akashusha sauti mpaka ikawa nzito na ya uchovu, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kupitia ule ukuta, akasema: "Hiki ndicho mnachokula huku? Poleni sana."

Banda zima likacheka, waliosimama wakakaa. Kuanzia hapo joka lilisema Kiswahili. Lililalamika baridi, liliuliza habari za kijiji, lilimkanya msichana asije bila kumuaga mama yake. Watu wakalizoea kama wanavyomzoea mpangaji. Muuza nyama wa sokoni hakukubaliana na mambo ya kondoo wazima kupelekwa korongoni, na kila mara alisema kwa sauti kwamba utumbo ungetosha. Mzee mmoja wa Kimaasai, aliyekuja siku ya mnada, aliangalia mpaka mwisho ameegemea fimbo yake, kisha akauliza kwa utulivu ni nani atalipa mifugo ya watu. Mafundi wale wale waliotaka kuondoka wakawa wanaitana "joka" gereji. Kanisani kwangu mzee wa usharika alinisimamisha baada ya ibada, akanikumbusha kwamba joka katika kitabu cha Ufunuo ni Shetani mwenyewe, na kumfundisha mtoto kumpenda ni kumfungulia mlango. Hakuwa mtu mkali. Alionekana kuogopa kweli, na mimi niliporudi chumbani nilijiuliza kama ningeweza kumweleza kwamba lile letu lilikuwa linaulizia afya za watu.

Mwisho wa filamu joka linaondoka. Bawa limepona, wawindaji wamekaribia, na msichana anabaki juu ya jabali huku joka likimtazama kwa muda kabla ya kuruka. Hapo Idrisa alikuwa na nafasi ya kusema maneno machache, na hakuyarudia. Kila siku lilikuwa na kwaheri yake. Siku moja lilisema, "Baba yako si mtu mbaya. Anaogopa, na hakuna aliyemfundisha kufanya kitu kingine na woga." Siku nyingine: "Ukisikia upepo juu ya bati usitoke. Si mimi. Mimi ningebisha hodi." Nilimuuliza mara moja anayapata wapi. Akasema anaangalia waliokaa mbele yake. Sikuelewa mpaka nilipomwona Mama Nuru, muuza chakula wa pale stendi. Mwanawe mkubwa alikuwa amekwenda Mererani kwenye machimbo na habari zake zilikuwa zimekatika. Mama Nuru hakuwahi kuingia kukaa. Alikuja kuelekea mwisho, aproni kiunoni, akasimama mlangoni mpaka joka liruke, kisha akarudi kwenye masufuria yake. Siku moja Idrisa alimwona. Joka likageuza kichwa, likasema taratibu: "Usinisubiri mlangoni, kuna baridi. Nisubiri ukiwa unakula." Mama Nuru aliinua aproni, akajifuta uso wote, akaondoka kabla picha haijaisha.

Rehema alikuwa haoni tofauti. Mchana lilikuwa joka, jioni lilikuwa baba, na kwake hilo halikuwa na shida yoyote. Alipokataa kula, Idrisa alisema neno moja kwa ile sauti nzito na mtoto akafungua mdomo. Namkumbuka amekaa kwenye kigoda uani, ameinua kipande cha kitumbua juu ya kiganja, anasubiri baba yake akinuse kwanza. Ni kama ndiyo picha pekee ya furaha kamili niliyonayo ya nyumba ile, na hata hiyo ina kikohozi ndani yake, maana Idrisa alikuwa ameshaanza kukohoa. Sote tulilaumu vumbi. Nilipokwenda nyumbani nilirudi na tangawizi mbichi ya mlimani, Bi Zuhura akaisaga, akaichemsha na asali, na Idrisa aliinywa asubuhi na jioni bila kusema kama inamsaidia.

Mwezi wa kumi na mbili watu wa Mhezi waliomba filamu ipelekwe kwao kwa ajili ya sikukuu. Tulipanda na jenereta, televisheni imefungwa kwenye magodoro nyuma ya pikapu, Rehema mapajani mwangu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Tulionyesha kwenye ghala la tangawizi, mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Watu wa kwetu hawapigi miluzi. Waliketi kimya na makoti yao, wazee mbele, na kwa muda mrefu nilidhani hawajaipenda, mpaka nilipoona kwamba wanaangalia yale majabali na yale makorongo wakitambua kila kitu. Joka lilipokuwa linamweleza msichana jinsi lilivyoanguka, sauti ya Idrisa ikakatika. Haikupungua polepole. Ilikatika. Alijaribu tena, ukatoka upepo mtupu kwenye spika. Joka likawa linafumbua mdomo kwenye kioo na hakuna kitu. Bibi mmoja wa mbele akasema kwa Chasu, lugha yetu ya mlimani, kwamba mnyama ameshikwa na baridi, mpeni maji ya moto. Ghala lote likacheka. Idrisa naye alicheka, mabega yanatikisika, lakini kicheko chake hakikuwa na sauti, na mimi niliyekuwa karibu nikaona macho yake yakimtafuta Rehema gizani.

Hospitali kubwa ya Moshi walisema ni uvimbe kwenye koo na kwamba umekaa muda mrefu. Bi Zuhura alirudi na maelezo hayo amevaa khanga yake nzuri, akayatoa mezani huku anapanga vikombe. Wangemfanyia upasuaji na kuondoa sehemu yote inayotoa sauti, apumulie tundu la shingoni. Wasipofanya hivyo atakufa. Wakifanya, huenda akaishi. Akaeleza mara mbili, na mara ya pili akaruka lile neno "huenda". Idrisa alikuwa amekaa kitako mlangoni, anamsuka Rehema nywele vibaya kama kawaida. Alikuwa bado na sauti ya kunong'ona. Aliniita, nikaenda kuchuchumaa karibu.

"Naeli," alisema, "watu wamezoea kuja. Shika maiki."

Nilimwambia mimi siwezi, mimi mwanamke, watacheka. Akasema watacheka, halafu watanyamaza. Nilimwuliza na joka je. Alifikiri, akaendelea kusuka. "Lisemee tu," akasema. "Likikaa kimya watajua."

Nilishika maiki wiki aliyolazwa. Ni kweli walicheka. Nilipomsemea baba wa msichana kwa sauti yangu ya kwaya mafundi walipiga makofi ya kejeli, kisha wakanyamaza, na kwa muda kidogo nilidhani nimeweza. Niliwajua wote kwenye filamu ile, nilikuwa nimewasikia kupitia ukuta mpaka wameniingia mwilini. Likaja joka. Niliishusha sauti yangu kadiri nilivyoweza, nikaufuata ule uchovu wake, nikasema maneno yake ya mkate. Hakuna aliyecheka. Kwenye benchi la mbele Rehema aliinuka. Alikuwa amevaa gauni la sikukuu, sijui nani alimvisha. Alinitazama, akatazama kioo, akatazama tena mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayesahihisha jambo dogo: "Huyo siyo." Akatoka. Nilimaliza filamu nikiwa nasikia ndala zake zikipita uani, kisha nikaingia chumbani nikalala na viatu. Sikulishika tena joka. Filamu nyingine nilitafsiri, ile niliiacha.

Idrisa alirudi akiwa amefungwa kitambaa cheupe shingoni. Alikuwa amekonda mpaka pete ilikuwa inazunguka kidoleni. Rehema kwa siku za mwanzo alikaa mbali naye, akimchungulia kutoka nyuma ya bibi yake, na Idrisa hakumwita, maana angemwitaje. Alipiga makofi mara moja tu kumwita, mtoto akashtuka, na hakurudia. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko kisu. Baadaye walizoeana kwa mikono. Alimwonyesha vitu, alimchorea ardhini kwa kijiti, alimbeba. Tulikula makande yetu kama zamani, na mgeni angeweza kudhani hakuna kilichobadilika mezani pale, kwa kuwa Idrisa tangu awali hakuwa msemaji wa mezani. Lakini kuna ukimya wa mtu anayeweza kusema na kuna ule mwingine, na sote wanne tulikuwa tunautafuna huo pamoja na mahindi.

Mvua za masika zilipokaribia alituonyesha kwa mikono kwamba anataka filamu ile iwekwe tena. Bi Zuhura hakutaka. Yeye akaenda mwenyewe akafagia banda, akapanga mabenchi. Sijui nani aliyetangaza, ila mchana huo watu walikuja mpaka wakajaa nje madirishani: mafundi, muuza nyama, wanafunzi, Mama Nuru na aproni yake. Idrisa alikaa kwenye kiti chake kilekile, maiki ameiacha mezani. Filamu ikaanza na ngurumo zake na Kiingereza chake, hakuna wa kuieleza, na sikujua tutafika wapi. Msichana akatupa mkate. Joka likaunusa. Kisha fundi mmoja wa nyuma, kijana mkorofi kuliko wote, akasema kwa sauti ya kuiga, "Hiki ndicho mnachokula huku?" na banda lote likamjibu: "Poleni sana."

Wakaendelea hivyo. Walikuwa wanajua karibu yote. Wengine walisema mapema, wengine wakachelewa, watoto walipiga kelele, muuza nyama akaweka lake la utumbo mahali pake, na Idrisa alikuwa anawatazama badala ya kutazama kioo, mkono mmoja umeshika kitambaa cha shingoni. Sikuwahi kuona uso uliojaa mambo mengi namna ile. Nilitaka iishie hapo. Lakini tulifika kwenye jabali, joka likageuza kichwa, na kila mtu akasema kwaheri aliyoisikia yeye. Fundi akasema ile ya kubisha hodi. Wanafunzi wakasema ya baba na woga. Mama Nuru, kwa mara ya kwanza akiwa ndani ya banda, akasema ya kusubiri ukiwa unakula, na mtu pembeni yake akamwambia hapana mama, halikusema hivyo. Akasema lilisema, mimi nilikuwepo. Mwingine akasema wote wamekosea. Ubishi ukapanda, na joka likawa limesharuka wala hakuna aliyeliangalia. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Idrisa ili aamue.

Alisimama. Alifungua mdomo, kwa mazoea tu, na kilichotoka ni ule upepo wa pale shingoni. Alitazama nyuso zote zile. Alimwonyesha Mama Nuru kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akamwonyesha fundi, akakubali. Akaenda hivyo mtu kwa mtu, benchi kwa benchi, mpaka wale wa madirishani, kila mmoja akimkubalia. Alipomaliza akafika kwa Rehema. Rehema hakuwa amesema kitu mchana wote. Idrisa akamsubiri. Mtoto aliinamisha kichwa, na baba yake akamwinua, akatoka naye nje, na watu wakawapisha.

Uvimbe ulirudi kabla ya baridi ya mwezi wa sita kuisha. Alizikwa alasiri, kwenye makaburi ya njia ya Kisiwani, na mafundi walifunga gereji. Bi Zuhura alihesabiwa miongoni mwa wanawake hodari kwa sababu hakupiga kelele. Mwezi wa kumi na moja nilifanya mtihani wangu, nikafaulu, nikaenda chuo cha ualimu, nikawa nakuja Same mara chache, kisha sikuja. Filamu ile niliiona tena miaka mingi baadaye, nyumbani kwa rafiki, watoto wamekaa kwenye zulia. Joka lilinguruma mwanzo hadi mwisho. Watoto waliipenda sana. Mimi niliomba maji nikatoka barazani.

Jioni ya siku ile ya matanga nilimkuta Rehema kwenye bomba la uani anaosha masufuria, nikakunja mikono ya gauni nikamsaidia. Amekuwa mwanamke mrefu, muuguzi wa zahanati huko Kifaru, ana kidevu cha baba yake. Tuliongelea bibi, dawa zake za presha, siku zake za mwisho. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba sauti ya baba yake haikumbuki. Anakumbuka mikono, kitambaa, kijiti ardhini. Sauti hana. Anajua tu kwamba ilikuwepo, kwa kuwa anakumbuka alivyonichukia nilipoishika maiki.

"Wewe ndiye uliyekuwa nyuma ya ule ukuta, dada Naeli," alisema. "Lile joka lilikuwa linasemaje?"

Nilimwambia zote nilizonazo. Ya hodi, ya baba anayeogopa, ya Mama Nuru, na nyingine ambazo sikuwa nimezigusa tangu mwaka ule, zikawa zinakuja zenyewe, moja inavuta nyingine, na bila kujijua nilikuwa nimeshusha sauti yangu, nzito, ya uchovu, kadiri koo la mwanamke linavyoweza. Rehema aliacha kusugua. Maji yalikuwa yanamwagika juu ya mikono yake na hakuyafunga. Nilipofika mwisho alibaki ameinama vilevile juu ya sufuria.

"Rudia," akasema. "Ila usimuige. Sema wewe tu."